Safari ya Kwa Macho Nne

Warigia aliingia mji wa Eldoret akitembeza. Alitembeza mayai, akatembeza sweta, halafu mablanketi, mzigo mgongoni na mkanda wa ngozi umepita kipajini, kutoka Pioneer hadi Kiplombe, nyumba kwa nyumba, mbwa kwa mbwa. Ilimchukua miaka kumi na mmoja kupata duka lenye kaunta ya kuegemea. Kwa hiyo siku alipomwambia rafiki yake Nanzala kwamba anakwenda kuulizia safari ya kutembezwa, Nanzala, aliyekuwa akiuza omena mbele ya duka hilo na hakuwa na haya ya kucheka hadharani, alicheka mpaka akashika nguzo.

"Mama Simeon! Wewe umetembeza huu mji wote. Sasa unataka kulipa mtu akutembeze?"

"Bei ikiwa ya maana."

"Na unaenda kuona nini? Simba? Simba hanunui blanketi."

"Naenda kuona nilipozaliwa."

Nanzala akapangusa macho. "Hiyo si safari, hiyo ni kwenda nyumbani. Watu hupanda gari wakaenda."

"Ningejua ni wapi ningekuwa nimeenda."

Warigia alizaliwa kwenye shamba la mlowezi, upande wa Turbo. Shamba hilo halikuwa na jina ambalo karani wa ardhi angelipata kwenye jalada. Vibarua wa zamani hawakumwita mzungu kwa jina lake, kwa maana majina ya Makaburu yalikuwa marefu na yalikwama kooni. Walimtazama mtu wiki moja, wakampa jina lao wenyewe, na jina hilo likawa la shamba pia. Kulikuwa na Kwa Kipara, Kwa Chuma, Kwa Mama Mbwa. Kwao kina Warigia kulikuwa Kwa Macho Nne, kwa sababu bwana mwenyewe alivaa miwani. Uhuru ulipokuja mashamba yakauzwa, mengine kwa vyama vya ushirika, mengine kwa watu wazito, na wenye mali wapya walijua majina ya kwenye hati tu. Warigia aliulizia miaka miwili. Katika ofisi ya ardhi karani alimwuliza bila kuinua kichwa, "Namba ya shamba ni ngapi, mama?" Hakuwa na namba. Alikuwa na Macho Nne, na maneno ya mama yake kwamba alfajiri walikuwa wakisikia treni ikipanda kilima.

Mama yake, Wahu, ndiye aliyetaka kwenda. Warigia mwenyewe hakuwa na hamu yoyote na mahali alipozaliwa. Alikuwa na miaka saba walipoondolewa, na alichokumbuka ni bomba la maji lililovuja na kofi alilopigwa kwa kulichezea. Lakini Wahu alikuwa akiishi chumba cha nyuma ya duka tangu macho yake yalipofunikwa na utando, na tangu Warigia apate akili ya kukumbuka, mama huyo alikuwa amemwomba kitu kimoja tu.

Mwaka wa hamsini na tatu, wakati wa hali ya hatari, siku mbili kabla ya malori kuja kuwazoa Wakikuyu wa mashamba na kuwarudisha kwao milimani, mtoto mdogo wa Wahu, Kinyanjui, mwenye miezi mitano, alikufa kwa kifua. Walimzika nyuma ya nyumba za vibarua. Wakati wa msalaba haukuwepo. Wahu alichukua jiwe lake la kusagia, ambalo askari alikuwa amemwambia halitapanda lori, akalilaza juu ya kaburi. Kisha wakafungiwa ndani ya turubai, na hata barabara waliyopitia hakuiona.

"Nataka kuweka mkono pale," alimwambia Warigia. "Nimwambie sikumwacha, nilichukuliwa. Halafu nimemaliza."

"Maitu, hiyo ni miaka thelathini na minne." Alimwita hivyo, Maitu, kama Mkikuyu yeyote anavyomwita mama yake.

"Sijakuuliza ni miaka mingapi."

Basi Warigia alipanda ngazi.

Ofisi ya safari ilikuwa chumba kimoja juu ya buchari. Picha ya Rais ilining'inia mahali pake, juu kuliko kalenda, na chini yake aliketi Murunga, mwanamume wa miaka thelathini na kitu, suti ya Kaunda, kalamu mbili mfukoni. Baba yake alikuwa karani wa mashamba ya wazungu kwa miaka ishirini, akihamishwa toka shamba hadi shamba pamoja na watoto, na urithi aliomwachia mwanawe ni kujua kila geti la zamani na mwenyewe alikuwa nani. Murunga aliugeuza urithi huo kuwa kazi.

"Karibu, mama. Watu wana mapenzi tofauti. Wewe unapendelea nini? Kuna ya ndege kule Nakuru. Kuna ya kutazama Bonde la Kerio, mnakunywa soda pale ukingoni."

"Nani huchagua hiyo ya Kerio?"

"Akina mama wa kanisa wanaipenda sana."

"Wanashuka mpaka chini?"

"Hapana. Wanaangalia."

"Kwa hivyo wanalipa kuangalia shimo." Warigia aliweka kikapu chake juu ya meza, jambo ambalo wateja wa Murunga hawakuzoea kufanya. "Na hiyo ya ndege, mtu anashuka kwa gari ama anaonyeshwa na dirisha?"

"Anashuka dakika kumi hivi."

"Kutoka hapa mpaka Nakuru, kwa dakika kumi!"

"Mama, nimekuuliza unapendelea nini."

"Napendelea kujua nanunua nini."

Hivyo ndivyo alivyonunua kila kitu. Picha za ndege wekundu ukutani hazikumshika. Mtu akikuonyesha picha, ni kwa sababu hataki uulize vituo. Kitu cha kuulizia ni gari linasimama wapi, linasimama kwa muda gani, na ukifika unaruhusiwa kukanyaga ama kutazama tu. Murunga alijibu yote, akaanza hata kufurahi kidogo, kama mchezaji wa bao aliyepata mtu wa kucheza naye. Mwishoni akatoa karatasi ya tatu, iliyopigwa chapa kwa wino hafifu. Mashamba ya Zamani.

"Hii si ya kila mtu. Ni ya wazungu waliokaa huku, ama watoto wao. Wanarudi kuangalia nyumba. Siku hizi mageti ya watu si ya kubisha tu, lakini mimi niko na ruhusa."

"Unajua Kwa Macho Nne?"

Murunga alitupa jicho pembeni. Ilikuwa kama mwenye duka anayetazama rafu yake kuona kilichobaki. "Kwa Macho Nne, upande wa Turbo?"

"Huko huko."

"Kwa Macho Nne tunapita. Ni safari ya sikukuu, Oktoba ishirini. Kuna mama mzungu amekodi gari, na nafasi mbili ziko."

"Mnapita ama mnaingia?"

"Tunaingia. Na chai tunakunywa ndani."

"Mahali vibarua walikaa, nitafika?"

"Na miguu yako mwenyewe."

"Tutakaa muda gani?"

"Masaa mawili. Tatu ukitaka."

Akauliza kama kuna njia ya kupita mtu asiyeona. Akauliza kuhusu choo, na mvua, na kama mwenye shamba wa sasa ni mtu wa kubadilisha mawazo getini. Kila jibu lilikuwa zuri. Halafu wakafika kwenye bei, na hapo Warigia aliegemea kiti.

"Mimi nitalipa. Lakini mama yangu ni kipofu. Utamtoza vipi bei ya kutazama, na hatazami?"

Murunga alicheka kweli. "Mama, anakalia kiti!"

"Kiti kitakuwa tupu hata hivyo. Umesema mwenyewe."

Wahu akapewa safari kwa nusu. Warigia aliteremka ngazi akiwa ametosheka, kama mtu aliyenunua mzigo baada ya kupapasa kila pembe.

Kuna jambo moja la dukani kwake linalofaa kusemwa hapa. Blanketi ambazo Warigia aliuza zilikuwa za mchanganyiko, pamba nyingi na sufu kidogo ya kutoa harufu. Mteja alipouliza, "Hili ni la sufu?" alijibu, "Lina sufu." Ilikuwa kweli. Sufu ilikuwamo. Ni kiasi gani, hilo lilikuwa swali la pili, na wateja wengi hawakuwa na swali la pili. Hakuona dhambi hapo. Aliyenyamaza alikuwa amenyamaza na kinywa chake mwenyewe.

Siku ya sikukuu duka lilifungwa. Gari lilikuwa Pijo kuukuu lenye viti vya nyuma viwili, na mbele, karibu na Murunga aliyeendesha, aliketi yule mama mzungu, mtu wa miaka sitini, shingo nyekundu, kamera kifuani. Alikuwa ametoka Afrika Kusini, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha jikoni cha zamani, kisichokuwa na ngeli wala tafadhali.

"Nyinyi nataka ona nini?" aliuliza, amegeuka kabisa.

Wahu ndiye aliyejibu, na kitambaa chake kizuri kichwani. "Tunaenda Kwa Macho Nne."

Mama mzungu akapiga mapaja. "Macho Nne! Hiyo baba yangu! Boi yote naita yeye Macho Nne. Yeye hapana jua!"

"Alijua," alisema Wahu.

Walisafiri kidogo. Kisha Wahu akamsogelea bintiye na kusema kwa Kikuyu, "Sikumbuki msichana."

"Labda alikuwa shuleni, Maitu. Watoto wao walipelekwa shule za mbali."

Lilikuwa jibu zuri. Warigia alijipa hilo jibu na yeye mwenyewe, na hakulipapasa.

Waliingia geti kama Murunga alivyosema. Askari alisalimu. Nyumba ilikuwa bado na bati lake jekundu na mistari miwili ya miti ya krismasi. Mtunzaji alimfungulia mama mzungu mlango wa jikoni, na haikupita dakika tano wakamsikia akipiga kelele ya furaha. Kwenye mwimo wa stoo kulikuwa na alama za penseli, moja juu ya nyingine, zile ambazo baba yake alikuwa akimpima nazo kila Krismasi. Hakuna aliyezipaka rangi. Alipiga magoti, akaweka kidole kwenye ile ya chini kabisa, akalia. Murunga alisimama nyuma yake ameshika kofia, uso wake umevaa huzuni ya kazi.

Warigia alimshika mama yake mkono, wakazunguka nyuma. Kweli alifika kwa miguu yake. Nyumba za vibarua zilikuwa zimebaki misingi ya duara ndani ya upupu na nyasi. Alitazama huku na huku akitafuta kitu cha kukumbuka, akaona hakuna, akajiambia alikuwa na miaka saba. Na ndipo akaliona. Karibu na kichaka, nusu limezama ardhini, jiwe la kusagia, limechimbika katikati kama kiatu cha zamani.

"Maitu, jiwe liko!"

Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotaka. Wahu alishuka polepole, goti moja, halafu la pili, na Warigia akaichukua mikono yake miwili na kuiweka juu ya jiwe.

Mikono ile ilitembea. Ilikwenda katikati, ikarudi ukingoni, ikapita ukingo wa kulia, ikapita wa kushoto. Ikarudia. Warigia alisubiri kusikia jina la Kinyanjui.

"Hili si langu."

"Ni lako, Maitu. Ni la zamani."

"Mimi natumia mkono gani?"

Wahu alikuwa mtu wa mkono wa kushoto. Alilima kwa kushoto, alipiga kwa kushoto, na kofi la bomba la maji lilitoka upande huo.

"Langu lililiwa upande wa kushoto. Wanawake walinicheka kwamba unga wangu unamwagikia upande mmoja. Hili limeliwa sawa." Alichota udongo, akautemea mate, akausugua. "Na kwetu udongo ulikuwa mweusi. Ulishika miguu. Huu haushiki."

"Mvua huosha udongo. Na jiwe likikaa nje miaka hii yote linabadilika. Mimi naliona, Maitu. Ni hili. Mwambie tu."

Wahu aligeuza uso wake wenye utando, akauelekeza hasa pale Warigia alipokuwa amesimama.

"Warigia," alisema. "Usiniuzie."

Murunga alikuwa ameegemea boneti, akinywa chai ya chupa. Warigia alimjia na hatua za mteja aliyerudisha mzigo.

"Huyu si Macho Nne wetu."

"Ni Macho Nne, mama. Umesikia binti yake mwenyewe."

"Wako wangapi?"

"Upande huu najua wawili. Miwani haikuwa ya mtu mmoja."

"Na ulijua."

Murunga akamwaga masalio ya chai kwenye nyasi. Hakuonekana mtu mbaya, na hilo lilizidi kumkera. "Uliniuliza kama tunapita kwa Macho Nne. Tumepita. Ukauliza kama tunaingia, tumeingia. Vibarua, umefika. Hukuuliza ni Macho Nne yupi."

Warigia alitafuta tusi. Alikuwa nayo mengi, ya Kikuyu na ya sokoni, lakini kila alilolishika lilikuwa linamrudia yeye. Ilikuwa kama kusimama mbele ya kaunta yake mwenyewe, upande ambao hajawahi kusimama.

"Yule mwingine yuko wapi?"

Murunga alitazama nyuma, ingawa nyuma kulikuwa na ngano tu. Akashusha sauti. "Ng'ambo ya Chepsaita. Lakini huko siku hizi ni kwa mkubwa. Hakuna anayeingia. Mimi hata ruhusa sijaomba, nani ataniandikia?"

Hakumtaja mkubwa, na Warigia hakuuliza. Mwaka ule mtu hakuuliza majina kama hayo akiwa na leseni ya duka ya kuomba upya.

"Tupeleke."

"Mama, hakuna kuingia."

"Sijasema kuingia. Nataka geti."

"Gari ni ya madam leo. Muulize yeye."

Mama mzungu alikuwa ametoka nje, macho mekundu, amefurahi kama mtoto, na alikuwa tayari ameona jiwe la kusagia na Wahu amekaa kando yake. Alikuwa ameinua kamera. "Mzuri sana! Mama nasaga! Kama zamani kabisa!" Akashusha kamera, akamtazama Warigia. "Yeye nakubali?"

Warigia hakuwa na kitu kingine cha kuuza. Alilipima jambo hilo mara moja tu, kama alivyopima kila kitu.

"Picha tatu," alisema. "Halafu gari linatupeleka Chepsaita, kwa geti la shamba lingine. Dakika kumi."

"Chepsaita iko mbali?"

"Si mbali."

"Basi. Picha ine."

"Nne, sawa."

Akaenda kumwambia mama yake. Alitarajia kukataliwa, na labda alitaka. Wahu alisikiliza, akapangusa udongo mikononi, akasogeza magoti mpaka mbele ya jiwe la mwanamke mwingine asiyemjua, akaweka viganja juu yake.

"Muulize kama anataka nicheke," alisema.

"Cheka kidogo, Maitu."

Wahu akacheka kidogo. Kamera ikalia mara nne.

Walipopita Chepsaita barabara ilikuwa vumbi jeusi. Warigia aliliona na hakusema. Geti lilikuwa la chuma, jipya, limepakwa rangi ya kijani, na ndani yake kibanda cha askari wenye bunduki. Kwa pande zote mbili, kutoka kwenye waya mpaka mwisho wa jicho, ilikuwa ngano iliyoiva. Hapakuwa na mti, wala msingi wa nyumba, wala kichaka. Kombaini mbili zilisimama mbali kama nyumba.

Askari alikuja kabla gari halijazimwa. "Mnatafuta nani?"

"Hakuna," alisema Murunga upesi. "Tunapumzisha injini, afande."

"Hapa si pa kutembea. Mpumzishe mbele."

"Dakika kumi tu," alisema Warigia kupitia dirishani.

"Mama, hapa si soko. Nimesema hapa si pa kutembea."

Na wakati huo huo, kwa mbali, upande wa bondeni, treni ya mizigo ilianza kupanda. Ilipanda kwa taabu, ikikohoa, kama inavyofanya treni yenye mabehewa mengi. Wahu alishika mgongo wa kiti cha mbele kwa mikono miwili. Alikaa hivyo mpaka sauti ikafika juu na kuisha.

"Ni hapa," alisema.

Mama mzungu aligeuka kuuliza kitu, akamwona uso, akageuka tena mbele. Askari aligonga paa la gari na kiganja.

"Warigia. Tuko karibu na waya?"

"Tuko karibu."

"Wamelima?"

Warigia alitazama. Alitazama kwa makini, mstari kwa mstari, kama mtu anayetafuta uzi uliokatika, kwa sababu hilo angalau aliweza kulifanya. Trekta iliyolima pale ililima mara thelathini, na jiwe la kusagia kwa jembe la trekta ni kitu cha kuvunja jembe. Lilishang'olewa na kutupwa zamani. Hilo alilijua kama alivyojua bei ya pamba.

"Kuna ngano," alisema.

Wahu alisubiri. Warigia naye alisubiri swali la pili, na safari hii, kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya biashara, hakujua atalijibu vipi. Lakini Wahu alimjua binti yake. Aliachia kiti cha mbele, mikono yake ikarudi mapajani.

"Ngano ni chakula," alisema. "Mwambie dereva twende."

Njiani Murunga alimwita kama nyanya yake, akasema, "Pole, Shosho." Wahu alimjibu kwamba yeye alilipiwa nusu, kwa hiyo alichopata kinatosha. Murunga alicheka, akaona hakuna mwingine anayecheka, akaacha.

Wahu alikufa Februari iliyofuata, wakati watu walikuwa wakipangwa mlolongo viwanjani kuchagua wagombea wa ubunge. Kati ya Oktoba na Februari hakutaja tena Kinyanjui wala Macho Nne. Alikula alichopewa, akajibu alichoulizwa. Warigia alidhani angependelea kulaumiwa. Lawama ina mwisho, unaweza kuijadili.

Nanzala alisaidia kupanga mazishi, na kanisa likataka picha ya marehemu. Haikuwepo. Wahu hakuwahi kupigwa picha nyingine isipokuwa ya kipande cha kitambulisho, na hiyo ilipotea. Kisha Nanzala akakumbuka bahasha iliyokuja Januari kupitia ofisi ya Murunga, ambayo Warigia aliitia chini ya kaunta bila kuifungua. Ndani mlikuwa na picha moja, ya rangi, safi sana. Wahu amepiga magoti mbele ya jiwe la kusagia, viganja juu yake, kitambaa kizuri kichwani, anacheka kidogo. Nyuma yake nyasi, na pembe ya bati jekundu.

"Amependeza," alisema Nanzala. "Anaonekana mtu aliyefika kwao. Si ulisema safari ilikuwa bure?"

Hiyo ndiyo iliyowekwa juu ya jeneza, kwa sababu nyingine haikuwepo. Baadaye Warigia aliitundika dukani, chini ya ile ya Rais kama ilivyotakiwa. Akina mama wa kanisa walipofika kumwomba ushauri wa safari yao ya Desemba, aliwaambia waulize gari linasimama wapi na kwa muda gani, na wakishajibiwa waulize tena, lile lile, kwa maneno mengine. Walikwenda Kerio. Walikunywa soda.

Blanketi aliendelea kuuza kama zamani. Na wateja, wakingoja kufungiwa mzigo, huinua macho ukutani.

"Huyo ni mama yako? Hapo ni kwenu?"

"Ni Kwa Macho Nne," Warigia husema, na kukaza kamba.

Hajapata wa kuuliza yupi.